Muulize Shangazi: Nihamie uswahilini nitembee kwa mguu, au nibaki Goba na ukuta wangu?

Barua za mwezi huu sijui mmekaa kikao, karibu zote zinauliza mtaa. Nani ahamie wapi, nani auze nini, nani amechoka na majirani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wako wengi wenye shida hiyohiyo na wanaona aibu kuuliza.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Goba na mke na mtoto wa miaka minne. Tumepanga nyumba nzima ina ukuta na geti, 300,000 kwa mwezi, nyumba sina neno nayo. Shida kazi yangu iko Kariakoo, nauza spea za pikipiki, na mke yuko Posta. Natoka saa 11 kasoro alfajiri, boda mpaka kwenye lami 2,000, daladala ya Makumbusho, nashuka napanda nyingine, na jioni hivyohivyo, kwa siku ni 7,000 mimi peke yangu, nikifika mtoto kashalala. Rafiki yangu kaniambia kuna vyumba viwili na sebule Magomeni Mikumi, 250,000. Mi hata kesho nahamia. Mke wangu hataki kusikia, anasema hawezi kurudi uswahilini, umbea, choo cha kuchangia, mtoto ataharibika. Nani yuko sahihi? Baba wa Mmoja, Goba.

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue unamuuliza mtu mwenye upande. Mi nimezaliwa Ilala nimeolewa Magomeni, na hapa ninapoandika nimekaa kibarazani miguu iko juu ya ndoo, namwona mangi anafungua duka. Nitajitahidi nisikuuzie mtaa wangu kama dalali.

Tuanze na hesabu maana hapo hamna mapenzi. 7,000 mara siku 26 ni 182,000. Hiyo ni wewe. Mkeo umemhesabia? Hujamhesabia, wanaume bana. Kama naye anatumia hivyohivyo basi ni 364,000, yaani nauli yenu inazidi kodi ya nyumba mnayoilalia tu, maana kwa masaa hayo uliyoandika nyie Goba hamkai, mnalala. Ila na huku usione 250,000 ukadhani umeokota. Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 1,500,000, dalali naye anataka mwezi wake mmoja, inafika 1,750,000 kabla hujabeba hata kijiko, na kuna zile hela ndogondogo za kuonyeshwa chumba. Sasa wengi wanakopa hapo ndo wanaingia mtaani wakiwa wameshachoka, mwezi wa pili ugomvi ndani. Kama hamna hiyo hela mkononi bakini kwanza, wekeni, msikimbilie.

Sasa kuhusu huo mtaa wenyewe. Nimekaa nao kama miaka 50 na kitu, na nakwambia siri yake iko kwenye kibaraza. We angalia huko Goba unatembeaje. Unatoka getini unapita ukuta, ukuta, geti, mbwa, ukuta, korongo, ukuta. Unaweza kutembea dakika 20 hujamwona binadamu na binadamu hajakuona, na ukianguka kwenye hilo korongo mpaka apite boda. Nyumba ya Kiswahili we unaijua, vyumba vitatu huku vitatu huku, korido katikati, uwani nyuma kuna jiko na choo, na mbele kabisa kuna kile kibaraza kimeegemea barabara, hakuna ukuta hakuna nini, ukikaa pale uko nyumbani na uko mtaani kwa wakati mmoja. Kiwanja chenyewe kidogo, kwahiyo hatua thelathini umepita milango minne mitano na kila mlango kuna mtu kakaa anachambua mchele au anasukwa. Ndo maana kutembea uswahilini hakuchoshi, hujawahi kuwa peke yako.

Na viwanja vile havikuwa vidogo kwa bahati mbaya. Mkoloni aliugawa huu mji, Uzunguni kwake, Uhindini pale katikati, halafu akaiacha Mnazi Mmoja wazi, ng'ambo yake Kariakoo na baadaye Ilala ndo za Waafrika, na baada ya Vita vya Pili wakapima na Magomeni, Temeke, Kinondoni. Oysterbay viwanja vikubwa na bustani kwa sababu mwenye nyumba ana gari. Huku wakapima vidogo, mitaa imenyooka, soko hapa zahanati pale, kwa sababu mtu wa huku ataenda kwa mguu tu, hana namna. Walitupimia kwa dharau, leo mjukuu wa mwenye kiwanja kikubwa yuko kwenye foleni masaa mawili na mi nafuata nazi na ndala.

Mpwa wangu aliniambia kuna profesa huko Paris, Carlos Moreno, mwaka 2016 alikuja na wazo la mji wa dakika 15, kwamba mahitaji yako ya kila siku yote uyafikie kwa robo saa kwa mguu au baiskeli, na meya wao wa wakati huo Anne Hidalgo akaliingiza kwenye kampeni yake ya 2020. Nikamwambia hiyo si Ilala? Kwa mangi dakika moja, genge dakika mbili, mama wa vitumbua yuko mlango wa pili, fundi cherehani, saluni, msikiti, kanisa, kinyozi, mwenye kuchaji simu umeme ukikatika, wote hao sijafika lami. Ila tusijidanganye, wao huko wanahesabu na kazi, na shule, na hospitali, sisi hatujafika huko. Mtaani kwetu utapata kila kitu cha kula kwa dakika mbili, ila kazi bado wengi wanaifuata mbali vilevile. We una bahati kazi yako iko Kariakoo, kutoka Mapipa ukikata Jangwani mpaka Fire ni kama nusu saa kwa mguu na upepo wa asubuhi, na kama hujisikii kutembea kuna mwendokasi tangu Mei 2016, vituo viko hapohapo Mapipa, Usalama, Kagera. Lakini usitarajie siti, basi linakuja limeshajaa kutoka Kimara huko. Na ikipiga mvua ya kweli ile ya Aprili, Jangwani inageuka ziwa, barabara inafungwa, hapo mguu wala basi hakuna, unazunguka. Hilo mwambie na mkeo asije akasema hukumwambia.

Haya, umbea. Mkeo yuko sahihi kabisa, sitamtetea mtu hapa. Nikupe kisa. Mwaka juzi nilinunua friji dogo la mtumba, nikampa mtu wa guta alipeleke nyumbani mi bado nina shughuli mjini. Nikamwelekeza vizuri nikamtajia mpaka namba ya nyumba, maana tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zimewekwa namba na mitaa ina vibao. Jamaa na namba wapi na wapi, alifika kijiweni akauliza. Pale kijiweni kuna wazee watatu wa bao, muuza kahawa, na kijana wa boda ambaye mi sijawahi kumwona kapakia abiria. Wakamzuia. Friji la nani? Umelitoa wapi? Mwenyewe yuko wapi? Mbona hajatuambia? Wakanipigia simu, ikapita mikono mitatu kila mmoja anataka kuhakikisha sauti ni yangu, ndo wakamsindikiza mpaka mlangoni, na wakalibeba wenyewe mpaka koridoni, hawakutaka hata soda. Nilijisikia malkia. Kesho yake asubuhi napita pale nawaamkia, mzee mmoja wala hakuinua macho kwenye bao, akaniambia, "Lile friji wamekupiga, lile halizidi laki mbili." Nilinunua 320,000 na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu nilimtajia 250,000. Mwenye guta ndo alimwaga mchele. Yaani mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na kijiwe chetu kinajua bei ya friji langu kabla ya mume wangu.

Sasa waliolilinda lile friji na waliotangaza bei yake ni watu walewale, macho yaleyale. Huwezi kuwachagua. Jirani anayemjua mwanao kwa jina na atakayemrudisha akimwona kavuka lami peke yake, huyohuyo ndo atajua juzi mlinuniana na mkeo akalala sebuleni. Mkeo kama kakulia uswahilini hilo analijua kuliko wewe, ndo maana anakataa, na sio kwamba anaringa. Muulize hasa anaogopa nini. Mara nyingi mwanamke akisema umbea kuna kitu kimoja kilishawahi kumkuta, sio umbea wote.

Choo ndo namuunga mkono mkeo mia kwa mia. Nyumba nyingi sa hivi uwani pamejengwa vyumba juu ya vyumba, familia sita choo kimoja. Kabla ya yote uliza, choo ni chenu au cha kuchangia, na kama cha kuchangia mko wangapi na nani anaosha lini. Luku je? Kama luku moja nyumba nzima na mnachangia sawasawa, basi mwenye friji na pasi na mwenye taa mbili watagombana kila mwezi, we dai submita hata kama utainunua mwenyewe. Maji yanatoka siku gani, kuna simtanki au ni ndoo.

Mtoto ataharibika. Hapa nilicheka kidogo samahani. Mtoto wa Goba sa hivi analelewa na dada wa kazi na katuni, nyie mnamwona Jumapili. Huku atacheza rede na kombolela, atajifunza matusi mawili matatu ndani ya wiki, sikufichi, na atatumwa. Kila mtu mzima mtaani atamtuma. Na akirudi na chenji pungufu mangi mwenyewe atakuambia alinunua ubuyu. Miaka minne bado mdogo, asitoke kibarazani bila mtu, hasa kwa sababu ya boda wanaokatiza mitaani kama wanafukuzwa.

Mwisho nakupa kazi, na muende wote wawili na mkeo, usiende na dalali wala huyo rafiki yako. Nendeni mkatembee mtaa huo mara tatu. Saa 12 asubuhi, muone foleni ya choo na foleni ya vitumbua. Jumamosi saa 4 usiku, msikilize, maana kama jirani ana spika za kukodisha kwa vigodoro mtaijua singeli yote kwa kichwa. Na mara ya tatu mvua ikinyesha au imekata sasa hivi, muangalie mtaro unapeleka wapi maji, kwenye ukuta wa chumba kuna mstari wa unyevu umefika wapi. Kila mara nunueni kitu. Anayeuza vitumbua pale nje ndo atawaambia mpangaji aliyetoka alitoka kwa sababu gani, dalali hawezi kuwaambia. Mkeo aongee yeye, we kaa kimya unywe chai. Mkirudi Goba ndo muamue.

Na mkihamia, wiki ya kwanza mpite ofisi ya serikali ya mtaa mjiandikishe, mwenyekiti na mjumbe wawajue sura. Siku unataka barua ya utambulisho, ya benki, ya NIDA, ya kumdhamini mtu polisi, utakuta mwenzio asiyejulikana anazungushwa siku tatu.

SWALI: Dada Shangazi, habari za kazi. Nina miaka 58, mzaliwa wa Kariakoo. Nyumba ya marehemu baba yetu ni ya chini, ya zamani, ndo kama iliyobaki peke yake, kulia ghorofa kushoto ghorofa. Wadogo zangu wanataka tuuze au tuingie ubia na mtu ajenge. Mimi roho inauma, mtaa niliokulia naona unaisha. Nashikilia au naachia? Mtoto wa Kariakoo.

Kaka yangu pole. Nitakuuliza jambo moja bila kukuonea, mtaa unaoulilia bado upo? Mwenzio wa bao yuko wapi, jirani mliokuwa mnafuturu naye? Kama wote wameshahamia Chanika na Mbagala na Kibada, basi unalinda kibaraza ambacho kimebaki wewe na mizigo ya maboksi ya wachina. Kariakoo haijawahi kutulia hata siku moja. Hata hilo jina limetokana na wapagazi wa Waingereza wa ile vita ya kwanza, Carrier Corps, watu wakalitamka walivyoweza. Soko lenyewe alilochora Beda Amuli miaka ya 70 lilikuwa jambo geni kweli wakati ule, leo ndo tunaliita la zamani, na 2021 likaungua. Kwahiyo kubadilika sio dhambi ya wadogo zako.

Ila kuachia kuna namna. Kama mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa, msisaini karatasi ya mtu, hata akija na begi la hela. Kati ya kuuza na ubia mi ningeelemea ubia, mwenye hela ajenge, familia mbaki na sakafu zenu na fremu zenu, na hasa fremu za chini, maana fremu ya chini Kariakoo inalisha watoto na wajukuu. Tafuteni wakili wenu, sio wa kwake. Na mwambie huyo mjenzi akuonyeshe kibali cha ujenzi na mkandarasi na mhandisi waliosajiliwa, usione haya kuuliza mara tano, wote tuliona tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilivyoporomoka hapohapo Kariakoo na watu wako ndani wananunua na kuuza. Akikasirika kuulizwa, huyo sio.

Kuhusu ujirani kwenye ghorofa, wengi wanasema hauwezekani. Shangazi yangu mimi alikaa ghorofa ya tatu Upanga zaidi ya miaka ishirini, alikuwa anashusha kikapu kwa kamba, mle ndani kaweka hela na kikaratasi, muuza mboga anaweka mchicha na chenji anatingisha kamba. Na walikuwa wanagombana hivyohivyo, yeye dirishani huyu chini, mtaa mzima unasikia bei ya bamia. Magomeni Kota pia wale wa kaya 644 walivunjiwa nyumba zao za chini wakatawanyika miaka, 2022 wakarudi kwenye maghorofa, mi nina shoga zangu mle, wanalalamika ngazi na wanalalamika hakuna pa kuanika, ila misiba bado wanazikana. Kinachopotea kweli ni kibaraza. Kwahiyo kwenye huo mkataba wa ubia kaka, hili usicheke, waambie waache hatua mbili mbele ya zile fremu pawe na benchi la zege. Mchoraji atasema inapoteza nafasi. Mwambie ni sharti la familia.

SWALI: Shangazi shikamoo, mi nakaa Sinza, mapacha wangu wanaanza chekechea Januari, shule ni dakika 10 kwa mguu. Mume anataka tulipie basi la shule, mi naona ni hela ya bure ila barabarani hakuna pa kutembea. Tufanyeje? Mama Mapacha.

Marahaba mama. Dakika 10 ulipie basi? Hilo basi litawachukua saa 11 na nusu liwazungushe Sinza nzima na Kijitonyama ndo liwafikishe, watoto wanafika wameshalala tena. Tembea nao.

Njia ndo ya kupanga. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 70 kwenda 80, kwahiyo nyuma ya barabara kubwa kuna mitaa mingi ya ndani inayoungana, usipite Shekilango kwa sababu tu ndo unayoijua. Jumapili asubuhi kapite peke yako utafute njia ya ndani hata kama inaongeza dakika tatu. Angalia vitu viwili tu, mitaro isiyo na mfuniko, na pale mtakapolazimika kuvuka lami. Kuvuka mvuke sehemu moja kila siku, yenye kivuko, na konda wa hapo na wauza chips na mama wa magazeti wawazoee wale mapacha, baada ya wiki mbili watakuwa wanakusimamishia boda wenyewe. Mahali hakuna pa kutembea tembeeni upande wa kulia muangalie magari yanayokuja, watoto wawe ndani wewe nje. Mi nikiwa mdogo tulikuwa tunapita njia ya waenda kwa miguu kweli, siku hizi ni meza za biashara, wamachinga walipangwa upya 2021 na wengine wamesharudi, sina ugomvi nao wanatafuta riziki lakini mtoto anasukumiwa barabarani.

Masika ikianza Machi, siku ya mvua kubwa panda bajaji. Sio kila siku lazima uwe shujaa.

SWALI: Shangazi, nimehamia Ilala miezi miwili kutoka Mikocheni kwa sababu ya kazi. Nimechoka kusalimia. Kutoka mlangoni mpaka stendi naamkia watu kumi na nane, nimehesabu. Nikipita kimya wananiona naringa. Hivi siwezi kuvaa tu earphone? Mchovu.

Unaweza. Jaribu wiki moja uone, utarudi umekuta nguo zako zimenyeshewa kambani na watu watano wamekaa barazani wanaziangalia.

Hao kumi na nane sio sawa wote mwanangu. Wazee ni shikamoo, hiyo huna ujanja, na simama hata sekunde moja usiitupe ukiwa unatembea. Wa rika lako ni mkono juu na "vipi", inatosha. Watoto, wao ndo wanakuamkia, we jibu marahaba tu. Mama wa vitumbua mnunulie viwili kila Jumatatu atakusalimia kwa niaba ya upande wote ule wa barabara. Na ukiwa umechelewa kweli sema kwa sauti "jamani nimechelewa!" huku unakimbia, hiyo mtaani ni salamu kamili, tena watakusukuma upande na bajaji.

Msiba ukitokea ndo usikose. Turubai likifunga barabara we usitafute njia ya kuzunguka, ingia, kaa kwenye benchi robo saa, toa rambirambi uliyonayo jina liandikwe kwenye daftari, ndo uende kazini. Na daftari lingine, la mangi, nimesikia limeshafika ukurasa wa pili jina lako. Usiniulize nimesikia wapi. Kalipe.